Bana Magoti

Panzi aliruka, akatua, na magoti yake yakaenda kusalimiana.

"Tena," akasema Kocha.

Panzi akapanda juu ya kasha la mbao walilotengenezewa na fundi seremala wa shule, akaruka, akatua. Magoti yakaelekea ndani vilevile, na kishindo chake kikasikika hadi madarasani.

"Tena."

"Shangazi, nimechoka bwana!"

"Hapa uwanjani hakuna shangazi. Nyumbani nitakuwa shangazi yako, nitakubembeleza mpaka udeke. Hapa mimi ni Kocha. Panda kasha."

Hilo jina la Panzi alipewa na wenzake wa timu ya netiboli, na hakuna aliyelibishia, maana binti yule wa miaka kumi na sita akiruka, mtu unajiuliza atashuka lini. Alikuwa mlinzi wa goli. Mpira ukirushwa kwa mfungaji wa upande wa pili, Panzi huyo, keshapaa, keshaunyaka juu kwa juu. Kuna watu walikuwa wanakuja mechi za shule kumtazama yeye tu, halafu wanarudi kwenye shughuli zao. Kuruka hakukuwa na neno. Balaa lilikuwa kwenye kutua, na balaa hilo alikuwa akiliona mtu mmoja tu pale shuleni, mwalimu wa michezo, yaani huyo Kocha, dada wa baba yake Panzi, mwanamke wa makamo aliyechechemea kidogo mguu wa kulia.

Wengine waliona msichana anapaa. Kocha aliona goti linalosubiri kukatika. Aliliona asubuhi akipiga mswaki, aliliona akisahihisha madaftari, na kila Panzi aliporuka yeye alikuwa anabana pumzi mpaka miguu ya mtoto iguse chini. Watu wakamwona ni mwanamke wa hofu. Wacha wamwone.

Kwani la kwake lilikatika hivyohivyo. Alikuwa na miaka kumi na tisa, ameshaitwa kwenye timu kubwa, viatu vipya vimo kwenye mfuko. Akapaa kuchukua mpira wa kawaida kabisa, akatua kwa mguu mmoja, goti likaingia ndani, na humo ndani kikalia kitu kama kijiti kikavu kinavyovunjwa. Hakuguswa na mtu. Hilo ndilo lililowashangaza watu. Wengine wakasema kalogwa, wengine wakasema kajikwaa, na mama yake mzazi, ambaye hakuwahi hata siku moja kukanyaga uwanjani kumtazama, akasema lake: "Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Nilimkanya, hakusikia. Haya, guu ndilo hilo." Goti likapona kwa namna yake. Maneno yale hayakupona.

Miaka ikaenda. Siku moja, goti lilipofika hatua ya kumuuma hata akipanda ngazi, Kocha alikwenda hospitali, akapelekwa kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo, dada mmoja mcheshi mwenye mikono migumu kama ya mwashi. Yule dada akamsimamisha mbele ya kioo kirefu, akamwambia ashuke kwenye kijingazi akiegemea ule mguu mzima. Kocha akashuka. Na lile goti zima nalo, loo, likaenda ndani.

"Umeliona?" yule dada akamwuliza. "Ndivyo unavyotua, bila shaka tangu utotoni. Ukitua hivi kwa kasi, uzito wako wote unaikalia kano moja nyembamba humu katikati. Inavumilia, inavumilia, siku moja inakatika. Wasichana inawapata sana, hasa wakisharefuka na nyonga zikapanuka. Goti linatakiwa likunjike, tena lifuate vidole vinakoelekea. Lisiende kwa jirani."

"Na mtu anafundishika?"

"Anafundishika vizuri tu. Akiwahiwa."

Kocha akaangua kilio palepale mbele ya kioo. Yule dada akadhani kamminya mahali pabaya, akaanza kuomba radhi. Wala. Alikuwa amemkumbuka binti wa kaka yake.

Ndipo vita ilipoanza. Kocha alikwenda kwa fundi baiskeli akaomba mipira ya ndani iliyochakaa, akaikata vipande, akawafunga wasichana wote mapajani, juu kidogo ya magoti, halafu akawachuchumalisha. Ule mpira unavuta magoti ndani, nawe unatakiwa ushindane nao uyasukume nje. Walilalamika, walicheka, walisema Kocha kawafanya kuku wa sokoni. Baada ya hapo lile kasha: panda, ruka, tua. "Tua kama mwizi!" aliwaambia. "Mwizi akiruka ukuta anaanguka puu? Anakunja magoti, anashuka taratibu, mwenye nyumba hata hageuki. Nataka nifumbe macho nisijue kama umeshafika chini."

Wenzake Panzi wakashika. Mrefu, yule mlinzi wa akiba, alikuwa anatua mpaka unamsahau. Panzi wapi! Akiwa na ule mpira mapajani, akiwa hajachoka, anatua vizuri, unampigia makofi. Achoke kidogo tu, au watu wajae pembeni wanamtazama, magoti yanarudi palepale.

"Hebu niambie," Kocha akamwuliza siku hiyo, baada ya kumwonea huruma na kumkalisha juu ya kasha. "Ukiwa juu kule unafikiria nini?"

"Mpira."

"Na ukiwa unashuka?"

Panzi akatazama chini, akachezea upindo wa nguo yake. "Sketi," akasema.

Kocha alijua fika hofu ile ya sketi imetoka wapi, na haikutoka shuleni.

Panzi alilelewa na Bibi, mama yake Kocha, tangu baba na mama walipokwenda kufanya kazi mbali na kuwa watu wa kupiga simu. Na Bibi, kwa mtoto wa kike, alikuwa na sheria moja iliyozidi zote. Kaa, bana magoti. Simama, bana magoti. Okota kijiko, bana magoti. Wageni wakija, mtoto anakalishwa kwenye kigoda, anawekewa kiberiti katikati ya magoti, na kile kiberiti kikianguka kabla wageni hawajaaga, anafinywa paja mpaka aone nyota. "Samaki mkunje angali mbichi," Bibi alipenda kusema, na mkunjaji alikuwa hodari. Kocha mwenyewe alikulia na kiberiti. Kaka zake walikaa wametanua miguu sebule nzima, wageni wanapita kwa kuruka, na hakuna aliyewauliza kitu.

Sasa jamani, mtoto aliyeanza kubanwa magoti akiwa na miaka mitatu, leo hii unamwambia ayaachie, tena akiwa hewani, tena mbele za watu! Chini ya sketi wasichana wote walivaa bukta za kubana, hakuna cha kuonekana. Nenda kayaambie magoti hayo.

Kocha akajaribu sauti. Kwenye mechi ya kwanza ya msimu, Panzi alipopaa, Kocha akasahau alipo, akapaza sauti kwa nguvu zote: "Fungua magoti!"

Uwanja ukalipuka. Vijana wakapiga miluzi, mzee mmoja akavua kofia akajipepea, na mzazi mmoja mwenye mabega mapana akaondoka na binti yake mkononi akisema yeye kaleta mtoto kucheza netiboli. Kesho yake Kocha akaitwa ofisini kwa Mwalimu Mkuu.

"Mwalimu," Mkuu akasema, hamtazami usoni. "Hayo maneno."

"Ni mafunzo, Mkuu. Magoti yake yanaingia ndani, ataumia."

"Naelewa. Lakini maneno yale, kwa watoto wa kike, hadharani! Mimi nitawaambia nini wazazi?"

"Waambie nataka watoto wao watembee wakiwa watu wazima."

"Tafuta neno lingine, Mwalimu. Nakuomba."

Haya, akatafuta lingine. Si alishawafundisha watue kama mwizi? Mechi iliyofuata, Panzi alipopaa, Kocha akapiga ukelele: "Mwizi! Mwizi!" Mungu amsamehe. Wasichana waliokuwa uwanjani wakatua vizuri kweli, lakini nusu ya watazamaji ikageuka, na muuza machungwa wa watu aliyekuwa akijipitia na beseni lake akaona macho yote kwake, akatimua mbio bila kosa lolote. Wakamkimbiza mpaka nyuma ya vyoo. Kocha ndiye aliyekimbia na goti lake bovu kwenda kumwokoa, akaokota machungwa moja moja huku akiomba msamaha. Ofisini kwa Mkuu siku ile hakukaribishwa hata kiti. Akaambiwa kuanzia leo, mechi ikianza, yeye mdomo ni wa kupumulia.

Ikabaki mikono. Akakubaliana na Panzi kwamba atasimama pembeni ya mstari, na kila Panzi atakapopaa, yeye atatanua viganja mbele ya magoti yake mwenyewe. Panzi amtazame akiwa anashuka. Akiona mikono, akumbuke. Na kulikuwa na sharti la pili, hilo Kocha alilishika kwa meno: akisikia kishindo cha Panzi kimeanza kuwa kizito, ujue mtoto kachoka, magoti yanaingia, anamtoa mapumziko yanayofuata na kumwingiza Mrefu. Netiboli haibadilishi wachezaji ovyo; ni mpaka mapumziko ya robo, au mtu aumie. Kwa hiyo ukikosea kwenye mapumziko, umekosea robo nzima. Msimu mzima alimtoa hivyo. Mashabiki wakamzomea, Mkuu akauma kucha, Panzi akanuna njia nzima ya kurudi nyumbani. Asijali. Akinuna, anarudi nyumbani kwa miguu yake miwili.

Walipoingia fainali, Kocha alikata shauri aende kwenye shina. Akaenda kwa mama yake.

Alimkuta kibarazani anachambua mchele, ungo mapajani, na magoti, bila shaka, yamebanwa. Kocha akaamkia, akakaa, akaanza kumsaidia kutoa chuya.

"Mama, nimekuja na ombi. Kuhusu mtoto."

"Ana nini?"

"Anapocheza anabana magoti. Akiruka na kushuka hivyo ataumia kama nilivyoumia mimi. Nimesema, nimechoka. Wewe ndiye anayekusikia. Mwambie tu, mara moja, kwamba uwanjani haina ubaya akiyaachia."

Bibi akasimamisha mikono juu ya ungo. "Nimwambie nini?"

"Ayaachie magoti, Mama."

"Niliyemlea mimi! Kwa mdomo huu huu!" Bibi akacheka, kile kicheko kisicho na furaha. "Makubwa haya. Wewe nilikwambia mangapi? Ukanisikia? Ukaenda ukarukaruka na sketi ya shibiri, ukarudi umebebwa. Asiyesikia la mkuu..."

"Najua, Mama. Huvunjika guu."

"Basi kama unajua, muache mwenzio asikie."

Kocha alimeza hilo. Alikuwa na miaka mingi ya kumeza. Lakini alipoinuka kuondoka, lilimtoka jambo ambalo hakuja nalo, na sauti yake ikawa ya mtoto. "Basi njoo umwone. Fainali. Mara moja tu. Ukimwona utaelewa. Mimi hukuwahi kuja kuniona hata siku moja."

Bibi alipepeta, chuya zikaruka. "Tutaona," akasema.

Tutaona ya Bibi kila mtu aliijua, maana yake ni hapana. Kocha hakuitilia maanani.

Siku ya fainali jua lilikuwa kali na uwanja wa saruji ulikuwa unachoma mpaka kwenye soli za viatu. Kulijaa. Watoto walikaa juu ya ukuta, walimu wakajitafutia viti, na Mkuu akavaa tai. Robo ya kwanza Panzi alicheza kama aliyetumwa na malaika. Anapaa, anatazama mikono ya Kocha, anatua kimya. Robo ya pili vilevile. Kocha alianza kuthubutu kupumua.

Robo ya tatu ikageuka. Wapinzani walikuwa na mfungaji mmoja mnene mwepesi, hatulii, anamvuta Panzi huku, anamvuta kule. Pale mwishoni Kocha akakisikia. Puu. Akakisikia tena. Puu. Aliangalia goti la kulia la Panzi likienda ndani, likitetemeka, likirudi. Kipenga cha mapumziko kilipolia alikuwa ameshamwambia Mrefu avue koti.

Panzi akaja anahema, jasho linamchuruzika. Alipomwona Mrefu amesimama tayari, akakunja uso, akafungua mdomo alalamike. Halafu akaachama tu. Alikuwa anaangalia nyuma ya bega la Kocha.

"Shangazi. Bibi kaja!"

Kocha akageuka. Alikuwa ni yeye kweli. Bibi, na mwavuli wake mweusi, na mtandio wake wa kutokea, anapita katikati ya watu kana kwamba uwanja wote ni kibaraza chake. Mwalimu mmoja akamwachia kiti. Bibi akakifuta vumbi, akakaa, akabana magoti, akatulia kungojea aonyeshwe hicho alichoitiwa.

"Shangazi, tafadhali," Panzi akasema, kashika mkono wake kwa mikono miwili. "Usinitoe. Kaja kuniona mimi! Hajawahi kuja. Robo moja tu, nakuapia nitatua vizuri. Nitakutazama mikono. Tafadhali, Shangazi."

Hapa ndipo ilipokuwa. Kama kuna mahali mambo yangeweza kugeuka, ni hapa. Kocha alijua jibu. Alikuwa nalo mdomoni, herufi kwa herufi, alilolitoa msimu mzima bila kusita. Mtoto kachoka. Goti linatetemeka. Mrefu yuko tayari. Lakini alimtazama tena mama yake pale kwenye kiti, amekuja, kwa miguu yake, juani, miaka yote hiyo imepita amekuja, na aliyetaka kuonwa na Bibi siku ile hakuwa Panzi peke yake.

"Mrefu," akasema, "kaa kidogo."

Panzi akamkumbatia shingo.

"Sikiliza! Sikiliza wewe. Kila ukishuka, nitazame mimi. Usimtazame mtu mwingine yeyote. Umesikia?"

"Nimesikia."

Kipenga kikalia, na sasa hakuna wa kumtoa.

Kocha alisimama kwenye mstari viganja mbele, ameinama kama mtu anayetaka kukamata kuku. Panzi akapaa mara ya kwanza, akauchukua mpira, akamtazama, akatua. Kimya. Watu wakapiga makofi. Mara ya pili, kimya. Na hapo Kocha akafanya kosa dogo, kosa la mtoto: akageuza shingo aone kama mama yake anapiga makofi. Alikuwa anapiga! Bibi alikuwa ameuweka mwavuli chini na anapiga makofi, taratibu, na uso wake ulikuwa na kitu ambacho Kocha hakuwahi kukiona kikielekezwa upande wake. Ulikuwa uso wa mtu anayejivunia. Kocha alijikuta machozi yanamlenga. Alitaka kumwita, amwambie, Mama, na mimi nilikuwa hivi. Na mimi nilikuwa napaa hivi.

Watu wakaguna "Aaa!" kwa pamoja, naye akarudisha macho uwanjani.

Mpira ulikuwa mrefu, wa juu sana, na Panzi alikuwa ameshaondoka chini. Hakuwahi kupaa vile. Akaunyaka kwa mikono miwili pale juu kabisa, na upepo ukaiingia sketi, ikafunuka mpaka kiunoni. Kocha akatanua viganja. Na kabla Panzi hajamtafuta kwa macho, sauti ikatoka nyuma kwenye viti, kali, ya miaka yote, sauti ambayo ilikuwa ndani ya mifupa ya wote wawili:

"Bana magoti, we mtoto!"

Panzi akageuza uso kwa Bibi. Kiwiliwili kikageuka na uso. Akabana.

Kocha alisikia. Watu walisema baadaye kwamba hakikusikika kitu, kelele zilikuwa nyingi, lakini yeye alisikia kile kijiti kikavu, akaanguka magoti palepale mstarini kabla Panzi hajamaliza kuanguka.

"Hakuguswa," Mkuu alikuwa akirudia, amesimama na tai yake, anauliza kila mtu. "Hakuguswa na mtu, amefanyaje? Hakuna aliyemgusa!"

Panzi hakulia mwanzoni. Alikuwa ameukumbatia mpira na anatetemeka meno. Bibi alifika, akapenya kwenye duara la watu, na jambo la kwanza alilofanya, akavua mtandio wake begani akamfunika mtoto miguu. Aliupachika vizuri huku na huku. Ndipo Panzi akaanza kulia, kile kilio cha mtu aliyeelewa, na Kocha alikuwa amemshika kichwa anasema, "Niko hapa, mwanangu, niko hapa," na kwa moyo wote akitamani ardhi immeze.

Hospitali wakapelekwa kwa gari la Mkuu. Daktari aliminya, akavuta mguu taratibu, akamtazama Kocha juu ya miwani, na Kocha akaitikia kwa kichwa kabla hajaambiwa. Kuna mambo mtu hahitaji kutafsiriwa. Wakamwingiza Panzi ndani kupigwa picha. Alipokuwa anasukumwa kwenye kitanda cha magurudumu, akainua kichwa.

"Shangazi. Mpira niliushika?"

"Uliushika."

"Sikukutazama. Nisamehe, Shangazi."

"Nyamaza, mama. Nyamaza. Huna kosa lolote." Mlango ukafungwa.

Wakabaki wawili kwenye benchi la ukutani, mama na binti yake. Korido ilikuwa inanuka dawa ya kusafishia. Bibi alikuwa ameushika mwavuli wima mbele yake kwa mikono miwili, na kwa mara ya kwanza Kocha aliona ile mikono ilivyozeeka.

"Alinisikia," Bibi akasema. "Uliona? Watu wote wale, makelele yote yale, akanisikia mimi. Akabana palepale."

"Niliona, Mama."

"Nimemlea vizuri yule mtoto. Anasikia."

"Anasikia."

Bibi akaugeuzageuza ule mwavuli. Kitu kilikuwa kinamtafuna, na hakuwa mtu wa kuachia kitu kimtafune bila kukiuliza. "Sasa mbona kavunjika?" Sauti yake ikapasuka kidogo. "Eh? Niambie wewe mwalimu. Wewe ulivunjika, nikaelewa, maana hukunisikia. Huyu kasikia. Kanisikia, mimi mwenyewe nimemwona kwa macho yangu, kasikia! Mbona kavunjika?"

Kocha alikuwa na majibu. Alikuwa na kano nyembamba ya katikati, alikuwa na nyonga na vidole vya miguu, alikuwa na kioo kirefu na yule dada mwenye mikono migumu. Alikuwa na hasira ya miaka yote ile, imeshaiva, iko tayari kupakuliwa. Akamgeukia mama yake, akamkuta kizee mdogo aliyekaa wima juu ya benchi la hospitali, magoti yamebanwa kabisa, anangoja kujibiwa. Akashusha macho, akaona magoti yake mwenyewe. Nayo yalikuwa yamebanwa vilevile, tangu walipokaa.

"Na mimi nilikusikia, Mama," akasema polepole. "Siku ile. Hukuwepo uwanjani, na bado nilikusikia."